Waliniambia "hayupo hapa" na raba zake naziona chini ya kaunta (uzi mrefu kuhusu kukamatwa kwa watetezi wa haki)

Mama Pacha

Wakuu salaam. Huu uzi nimeukalia miezi, kila nikianza naufuta. Leo watoto wamelala, umeme upo, acha niumalize. Ni mrefu, mwenye bando la kuunga unga apite tu hakuna ugomvi.

Nina shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Si mwanasheria, hana ofisi wala NGO, ni fundi wa madirisha ya aluminiamu. Ila mtaani kwao zilipopigwa zile X nyekundu za kubomolewa ukutani, nyumba kama arobaini hivi, yeye ndo akaanza kuzunguka na kaunta buku anaandika nani ana karatasi ya mauziano, nani kathaminiwa, nani kapewa shilingi ngapi, nani hajaonwa kabisa. Anapiga na picha. Buku likajaa akanunua lingine. Akawapeleka wamama watatu kwa wanasheria wa msaada. Kosa lake ninalolijua mimi linaishia hapo.

Siku hiyo saa tatu usiku kakaa saluni anasubiri zamu ya kunyolewa, ikaja gari aina ya Noah, wakashuka wanaume wanne nguo za kiraia, wakamuita kwa jina kabisa kama washkaji. Kinyozi anasema hata hakushtuka, alijua ni wateja wa madirisha. Mmoja akamdaka kiunoni kwa nyuma, ule mshiko tunaujua wote tuliokulia Dar. Noah hiyooo.

Tulizunguka vituo vitatu usiku ule, mimi, mume wangu na bodaboda wawili. Cha kwanza afande wa kaunta hakunyanyua hata macho kwenye simu, "hayupo". Cha pili tukaambiwa tuje asubuhi mkubwa akiwepo. Cha tatu nikaingia mwenyewe maana mume wangu alishaanza kupandisha na ukipandisha pale unaongeza idadi ya mahabusu. Nikamwamkia shikamoo kijana ambaye nadhani namzidi miaka kumi (kituoni wote tunaamkia, sijui kwa nini). Akafungua daftari, akapitisha kidole juu hadi chini, akafunga. "Hayupo hapa mama, jaribuni kwingine."

Sasa wanaojua vituo vyetu wanajua, mtu akiingizwa selo anavua viatu na mkanda vinabaki nje. Pale chini ya kaunta kuna rundo la kandambili, viatu vya shule vya mtoto wa watu, makobazi, na raba nyeusi moja ina kamba nyeupe nyingine ina kamba ya kijani. Ile kamba ya kijani niliitia mimi mwenyewe Jumapili yake, niliitoa kwenye kiatu cha mwanangu. Nikamwambia "afande, zile raba za shemeji yangu". Akaziangalia, akaniangalia. Akasema "hizo raba ziko nyingi mjini".

Siku nne. Hakuna kosa aliloambiwa, hakuna mahakama, chakula napeleka anapewa nani sijui maana hotpot linarudi limeoshwa. Siku ya tano akatolewa kwa dhamana ya polisi, wadhamini wawili na barua za serikali ya mtaa, sharti aripoti kila Jumatatu. Kosa? "Uchunguzi unaendelea."

Nimeleta hii kwa sababu kila mtetezi akikamatwa humu tunabishana ana hatia hana hatia. Nimesoma sana baada ya ile wiki na nimeona tunabishania kitu ambacho hata hakijafika. Hukumu yenyewe wala si muhimu kwao, adhabu inaanza na kuisha kabla ya hakimu kufungua mdomo. Nitaendelea hapo chini, ngoja niandike vizuri.

kijana wa Tandale

Pole sana dada. Nimekaa siti ya mbele.

Mkwezi

Hizo raba zimeniliza aisee.

Mama Pacha

Naendelea.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa aambiwe kosa lake, aruhusiwe kuwasiliana na wakili au ndugu, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana. Afande anaijua hiyo, imebandikwa ukutani karibu na lile tangazo la DHAMANA NI BURE. Tatizo ni kwamba ukimficha mtu zile saa hazina wa kuzihesabu. Ndo maana neno "hayupo" lina faida.

Ila hiyo ni hatua ya kwanza. Kufuli lenyewe liko kwenye karatasi ya mashtaka.

Mchukueni Tito Magoti, alikuwa afisa wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 20 Desemba 2019 akadakwa pale Mwenge, Dar, na watu wa nguo za kiraia. Watu wakasema katekwa, baadaye polisi wakathibitisha wanaye. Tarehe 24, mkesha wa Krismasi, akapandishwa mahakama ya Kisutu pamoja na mwenzake mtaalamu wa kompyuta, Theodory Giyan. Mashtaka ni kuongoza genge la uhalifu, kuwa na programu ya kompyuta ya kutendea uhalifu na utakatishaji fedha wa shilingi milioni 17 na ushee. Milioni 17 jamani! Hiyo ni Noah iliyotumika. Kwa nini utakatishaji? Kwa sababu kosa hilo halina dhamana, liko kwenye orodha moja na mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Ungemshtaki kwa kuandika kitu mtandaoni, wadhamini wawili wanasaini jioni anakunywa chai kwake. Ukichomeka neno utakatishaji, hakimu hata akikuonea huruma mkono wake umefungwa, kazi yake ni kutaja tarehe ijayo tu.

Na tarehe ijayo ndo wimbo wenyewe. "Mheshimiwa, upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Siku kumi na nne, tena kumi na nne. Karandinga linakuja linarudi. Magoti katoka tarehe 5 Januari 2021, zaidi ya mwaka ndani, kwa makubaliano ya kukiri kosa, na wakaamriwa kulipa zile milioni 17.

Erick Kabendera yeye ni mwandishi wa habari lakini njia ni ileile. Julai 29, 2019 wanamfuata nyumbani kwake. Kwanza wakasema ni uraia wake, wanataka kujua kama ni Mtanzania. Uraia haukukaa, likaja suala la uchochezi. Nalo halikukaa. Agosti 5 anafikishwa mahakamani mashtaka hayana uraia hayana uchochezi, ni genge la uhalifu, kukwepa kodi na utakatishaji! Yaani mtu anakamatwa kwanza, kosa linatafutwa saizi yake baadaye kama viatu vya mtumba soko la Karume, unajaribu hiki kinabana unajaribu kile.

Mama yake alikuwa mgonjwa, alitoa na video akilia mwanae aachiwe, yeye ndo alikuwa akimuuguza. Akafariki Desemba 31, 2019. Mawakili wakaomba Kisutu aende kuaga mwili kwa saa chache tu chini ya ulinzi. Ikakataliwa. Februari 24, 2020 naye akakiri kwa makubaliano, akalipa milioni 100 za utakatishaji, na kodi milioni 173 aende akilipa kwa mafungu.

Sasa niambie, mtu aliyemkosa mama yake hivyo, miezi saba ndani, akikiri unasema kakiri kwa sababu ni kweli?

Mzee wa Faili

Mleta uzi umeandika vizuri ila uwe mkweli. Walikiri wenyewe mbele ya hakimu, hakuna aliyewashikia bunduki. Na hawa watetezi wanakula hela za wazungu, kila semina posho, kila andiko ni dola. Nchi haiwezi kuendeshwa na watu wanaolipwa na mabalozi. Mbona mimi sikamatwi?

Mama Pacha

Mzee wangu, shemeji yangu mfadhili wake ni duka la vioo, na wao anawadai.

Kuhusu kukiri. Utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa umeingizwa kwenye sheria 2019, mwaka uleule. Peke yake si mbaya, nchi nyingi unatumika. Lakini uchanganye na kosa lisilo na dhamana na upelelezi usioisha, unapata mlango mmoja tu wa kutokea, na mlangoni kakaa mshtaki anataja bei. Ukigoma unabaki gereza la Segerea hadi lini hujui. Baadaye hata serikali yenyewe iliona kuna tatizo, Rais aliunda tume ya haki jinai mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikakabidhi ripoti Julai mwaka huohuo. Sasa kama kila kitu kilikuwa sawa tume ya nini?

Na wewe hukamatwi kwa sababu hujawahi kushika kaunta buku, usinielewe vibaya.

Advokate wa Uswazi

Niongezee kidogo upande wa sheria maana nipo humo. Kuna kijana anaitwa Dickson Sanga alifungua shauri kupinga kifungu cha 148(5) kile kinachonyima dhamana. Mahakama Kuu Mei 18, 2020 ikakubaliana naye, kifungu kinavunja Katiba, ibara ya 15 ya uhuru wa mtu. Tukashangilia. Agosti 5, 2020 Mahakama ya Rufani ikatengua, kifungu kikabaki. Wiki kumi na moja tu za furaha.

Af mwaka huohuo 2020 mwezi wa sita sheria ya kudai haki za msingi ikabadilishwa, ikawa ukitaka kufungua kesi ya kikatiba lazima uonyeshe wewe binafsi umeathirika vipi. Kabla ya hapo mtu angeweza kusimama kwa niaba ya umma. Na kama unawaza kwenda Arusha Mahakama ya Afrika, Novemba 2019 nchi ilijitoa kwenye lile tamko linaloruhusu mtu binafsi na asasi kushtaki moja kwa moja, kujitoa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mahakama iko Arusha, mwenyeji wake ni sisi, na sisi hatuwezi kuingia mlangoni.

Agosti 2020 tena Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, THRDC, akaunti zao za benki zikafungiwa, wakasimamisha kazi. Yaani hata anayemwekea wakili aliyekamatwa akawa hana hela ya wakili.

Mkwezi

Hizo zote za awamu iliyopita, ya Magufuli, lakini. Tusifukue makaburi.

Mama Pacha

Mkwezi bwana. Haya nije huku karibu.

Mei 2025, Tundu Lissu yuko ndani kwa uhaini tangu Aprili, kesi inatajwa Kisutu tarehe 19. Uhaini ni kulekule kwenye orodha ya wasio na dhamana. Wakenya wakaja kuangalia kesi, kuangalia tu, mahakama ya wazi. Mwanasheria na mwanasiasa Martha Karua na wenzake wakazuiwa uwanja wa ndege wakarudishwa. Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya Willy Mutunga naye akarudishwa, mzee ambaye mawakili wetu wanasoma hukumu zake. Wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda waliingia mjini, wakakamatwa. Siku zikapita hakuna anayesema wako wapi. Mwangi akaja kuokotwa Ukunda huko pwani ya Kenya, Agather katupwa Mutukula, mpakani na Uganda. Ramani iangalieni. Mmoja kaskazini mashariki, mwingine magharibi kule ziwani. Mwezi wa sita wakakaa mbele ya waandishi Nairobi wakaeleza walivyofanyiwa, mateso na udhalilishaji wa kingono, siwezi kuyaandika hapa. Polisi Dar wakazikataa hizo tuhuma. Wao wakapeleka shauri Mahakama ya Afrika Mashariki.

Na angalau hao tunajua walikuwa mikononi mwa nani mwanzoni. Edgar Mwakabela, mkosoaji wa serikali mtandaoni mnayemjua kama Sativa, kachukuliwa hapahapa Dar Juni 23, 2024, siku nne baadaye kapatikana hifadhi ya Katavi kapigwa risasi ya taya. Kutoka Dar hadi Katavi, vizuizi vya barabarani vingapi mle njiani? Mimi nikibeba gunia la mkaa tu nasimamishwa mara tatu.

Kuna kitu nimekiona na kinanitisha. Zamani ukisikia ndugu yako kakamatwa unalia. Usiku ule nilipoziona zile raba, nilifurahi. Nilifurahi wakuu! Nilitoka nje nikamwambia mume wangu "yupo, yuko polisi, alhamdulillah". Tumefika mahali selo ndo habari njema.

kijana wa Tandale

Hapo mwisho umenimaliza dada. Bimkubwa wangu ananiambia hivohivo, ukikamatwa piga kelele utaje jina lako na kituo unachopelekwa, watu wasikie.

Gwanda Kuukuu

Mimi niliwahi kuvaa gwanda, nimeacha zamani. Sitasema nilikuwa wapi. Dada, yule kijana wa kaunta huenda hakukudanganya kwa kupenda. Mtu akiletwa na timu kutoka juu unaambiwa usimwandike. Ukimwandika umeulizwa nani kakuruhusu, usipomwandika akifia ndani ni wewe ulikuwa zamu. Ukikuta hivo usibishane na wa kaunta, muulize mkuu wa kituo au mkuu wa upelelezi, na nenda na mtu anayejulikana, mwenyekiti wa mtaa, shehe, padri, wakili akiwepo ndo bora. Simama pale. Andika saa uliyofika na jina lililoko kifuani kwa afande. Wakijua kuna mtu anaandika saa, mambo yanabadilika kidogo. Nasema kidogo.

Mama Pacha

Gwanda nashukuru, na hilo la saa ni kweli, mwenyekiti wetu wa mtaa aliposimama pale siku ya tatu na kadaftari kake ndo walau tukaambiwa "yupo lakini haonwi". Mwenyekiti ni wa chama tawala, nilitaje hilo kwa heshima yake, alisema kijana ni wa mtaa wangu na nyumba yangu nayo ina X.

Mzee wa Faili

Sawa, la mtu kufichwa sikubaliani nalo hata mimi. Mtu apelekwe mahakamani. Lakini bado nasema wengine wanachochea.

Mama Pacha

Mzee, hapo tunaweza kukaa tukanywa kahawa. Apelekwe mahakamani, kwa kosa alilofanya, si kwa kosa linalomfungia dhamana. Wale Wamasai wa Loliondo 2022 walipopinga vigingi vya mipaka ya hifadhi, zaidi ya ishirini wakiwemo madiwani wakapewa kesi ya mauaji ya askari. Novemba kesi ikafutwa wakaachiwa. Ng'ombe waliopotea miezi ile nani anafuta?

Hata yule Maxence Melo, mwanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, Desemba 2016 walitaka atoe majina ya watu walioandika kuhusu ufisadi, akagoma, wakampa kesi tatu. Alienda Kisutu zaidi ya mara mia. Mara mia! Nauli, foleni, siku ya kazi imekufa, wakili wa kumlipa. Kwa nini wahangaike kukufunga wakati wanaweza kukuzungusha?

Advokate wa Uswazi

Umeligusa. Sisi tunaita kesi ya kuchosha. Faili halifi na haliendi. Vipi shemeji bado anaripoti?

Mama Pacha

Bado, huu ni mwezi wa saba tangu atoke. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi yupo benchi, anaweza kukaa hadi saa saba mchana aambiwe "mpelelezi yuko safari njoo wiki ijayo". Mafundi wa aluminiamu mnajua, Jumatatu ndo siku ya kuchukua vipimo, site zote zinaanza Jumatatu. Kazi mbili kubwa zimempita. Bosi wa duka la vioo kamwambia kiungwana tu, malizana kwanza na mambo yako ndugu yangu.

Nyumba tisa zilibomolewa yeye akiwa ndani. Mabuku yote mawili wanayo wao.

kijana wa Tandale

Na simu walimrudishia?

Mama Pacha

Hapana, wanasema iko kwa wataalamu. Nikamwambia arenew laini, kumbe ilisajiliwa kwa jina la marehemu mama yao, alama za vidole utazitoa wapi. Ikakaa bila kutumika ikafungwa, kampuni ikaiuza upya. Sasa ile namba ndo aliwapa wale wakazi wote wa X, iko kwenye makaratasi, wengine wameiandika ukutani kwa mkaa. Wakipiga anapokea mama mmoja yuko Sumbawanga. Mwanzo alikuwa anakata. Siku hizi anauliza "nyumba yako ni namba ngapi?" anaandika, jioni anamtumia mume wangu meseji.

Mume wangu kesho anamnunulia kaunta buku, nimemwambia kubwa, kwaya nne. Tutampelekea kwa basi.